Tarehe Niliyompa Mama Mdogo

Mama mdogo wangu anakaa Matemwe na kazi yake ni pweza. Mimi nakaa Mji Mkongwe, orofa ya pili, na kazi yangu ni kufundisha hesabu darasa la tano. Mwaka juzi alianza kunipigia simu mara mbili kila mwezi, asubuhi, kabla sijatoka kwenda skuli. Akishaitikia shikamoo yangu na kuniuliza watoto, huniuliza: "Mwezi tarehe ngapi leo?" Nami huinua macho kwenye kalenda ya Kiislamu iliyobandikwa jikoni, nikamwambia. Hushukuru, akakata simu.

Nilidhani ni njia yake ya kunijulia hali. Nilikuwa nacheka peke yangu, maana yeye ndiye aliyenifundisha kuuhesabu mwezi kwa vifundo vya vidole, nilipokuwa msichana wa kuja shamba wakati wa likizo. Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hutoka mbali sana na hurudi kwa nguvu. Hilo ndilo bamvua, na ndiyo siku za pweza, kwa sababu mwamba unabaki mkavu na mtu anakwenda kwa miguu mpaka mwisho wake. Siku za katikati ni maji mafu. Bahari haitoki vya kutosha, na mwenye akili yake hukaa nyumbani akasuka ukili wa mikeka. Tena ndani ya bamvua kila siku ina saa yake. Kama leo maji yanageuka saa nne na nusu, kesho yatachelewa kidogo, na kesho kutwa yatachelewa tena. Ukijua tarehe ya mwezi, unajua saa ya kutoka nyumbani, na unajua saa ya kugeuza uso kurudi pwani. Hii ya pili ndiyo kubwa.

Nilijifunza yote hayo na sikuwahi kuyatumia, kwa sababu mimi ni mwoga wa maji. Nalisema waziwazi, maana watu wa bara wakisikia umezaliwa kisiwani wanadhani unaogelea kuliko samaki. Bahari naiona kila siku kutoka dirisha la jikoni, na haijawahi kunipita magoti ila mara moja, na hiyo mara moja ndiyo ninayoisimulia.

Ilikuwa mwezi wa Mfungo Saba, mwezi usio na funga wala Idi. Nilikwenda Matemwe Ijumaa kulala kwake, na Jumamosi asubuhi, tukinywa chai ukumbini, akaniuliza tena ana kwa ana: "Tarehe ngapi leo?"

"Tatu," nikamjibu, mdomo umejaa mkate wa ufuta.

"Tatu. Basi maji yanageuka saa sita kasorobo. Leo twende sote, mwalimu. Utanishikia mfuko tu."

Nikakataa. Akanitania kwamba nimeolewa na ghorofa. Binti yake, aliyekuwa akifagia uani, akacheka mpaka akaegemea ufagio, nami nikaona haya nikavaa viatu vya plastiki nikamfuata. Nina hasira za karibu na haya za karibu zaidi, na watu wangu wanajua pa kunigusa.

Tulitoka saa nne pamoja na wanawake wengine wengi, kila mmoja na chuma chake cha kuchokolea mapangoni na ndoo yake. Tukapita kwenye mashamba ya mwani, vigingi vimetoka nje na kamba zimelala mchangani. Baada ya hapo kuna mkondo, mahali ambapo bahari haikauki hata siku ya bamvua. Maji yalinifika magotini. Mama mdogo akaniwekea mkono begani. "Nakushika usianguke," alisema. Nikaona ananihurumia, nikafurahi. Mkono huo haukuondoka begani mpaka tumefika mwambani.

Mwambani kila mwanamke ana mapango yake na hamwonyeshi mwenzake. Ya mama mdogo yalikuwa mbali kuliko ya wote, upande wa kaskazini, kule mwamba unakoanza kukatikakatika. Alikwenda huko taratibu akipapasa kwa chuma mbele yake. Akifika pangoni anainama, anatia vidole kwanza, anapapasa mdomo wa pango, anasikiliza, ndipo anachokoa. Hakuwa akitazama. Uso wake ulielekea juu kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo. Mimi niliona ni umahiri, nikamsifu. Alishika pweza wawili wakubwa katika saa moja, akanipa mfuko, nikaubeba nimeukunja uso kwa sababu wale wanyama bado walikuwa wanajinyonganyonga ndani.

Kisha nikawaona wenzetu wanarudi. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja kuelekea mkondoni, na mmoja alisimama akatupungia kanga akipiga kelele ambazo upepo ulizichukua.

"Mama mdogo, wenzetu wanaondoka."

"Waache. Hao wana vyungu jikoni. Saa ngapi?"

Nikaitoa simu kwenye mfuko wa nailoni. "Saa sita kasorobo."

"Ndiyo kwanza yanageuka, tuna nusu saa nzima. Hapa pana mmoja mkubwa, namjua, ananikimbia tangu juzi."

Nani mimi wa kumfundisha bahari? Nilikuwa nimeweka chupa yangu ya maji ya kunywa juu ya jiwe kavu, jiwe lililokuwa linameta chumvi. Nilipogeuka kuichukua, jiwe halikuwepo na chupa ilikuwa inaelea, inasogea polepole kuelekea pwani.

"Maji yanaingia!"

"Wimbi tu hilo."

"Si wimbi. Yanaingia, mama mdogo."

Akasimama wima. "Lina maji jiwe la kiti?"

Jiwe la kiti nalijua tangu utotoni. Ni jabali lililo peke yake kusini ya mwamba, lina mgongo na pa kukalia. Maji yakilowesha pa kukalia, unaondoka. Pa kukalia pakizama, umeshachelewa. Nikatazama kusini, nikatazama tena. Niliona mgongo tu wa jiwe, nao ulikuwa mfupi.

"Pa kukalia hapaonekani," nikasema.

Akageuka kulitafuta, na aligeukia upande wa kaskazini. Alikaza macho kwenye bahari tupu, kusiko na jiwe wala chochote, akakunja uso, akaweka kiganja juu ya nyusi. Mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwake, namtazama. Hapo ndipo nilipofahamu ule mkono begani mwangu ulikuwa wa nini.

"Wewe unaliona?" nikamuuliza.

Akashusha kiganja. "Tangu Ramadhani sijaliona," alisema.

Nimeogopa mara nyingi maishani mwangu, naogopa hata ngazi za nyumba yangu umeme ukikatika, lakini sijawahi kuogopa vile. Nusu kilomita ya maji iko baina yetu na ardhi, wenzetu wameshakuwa vitone, na mtu niliyemtegemea anitoe haoni. Nikaanza kulia kwa sauti. Yeye akanishika kidevu akaugeuza uso wangu kwake.

"Umesema tarehe tatu. Tatu ya nani? Tatu ya kwenu au tatu ya kwetu?"

Sisi nyumbani kwetu mjini tunafuata mwezi ukionekana popote duniani, na kalenda aliyoibandika mume wangu jikoni imechapishwa hivyo. Mama mdogo na watu wake wanafuata mwezi ulioonekana hapa. Kila mwaka sisi tunasali Idi, wao wanasali kesho yake, tunataniana kwenye simu, tunakula pilau siku mbili, yanakwisha. Lakini nani anayakumbuka hayo mwezi wa Mfungo Saba? Mwezi unaendelea kuhesabiwa kimyakimya, na sisi tuko mbele siku moja. Miezi mingine alikuwa akirudi pamoja na wenzake, na kosa langu halikuonekana. Maji hayakuwa na habari ya kalenda yangu. Yaligeuka saa tano kamili, saa ya tarehe mbili, na sisi tulikuwa tumeinama mapangoni.

"Ya kwetu," nikasema.

"Basi shika mkono wangu, tusiseme tena habari hiyo. Mimi nina miguu, wewe una macho. Unauona mnara wa simu?"

"Nauona."

"Unaliona paa jeupe la msikiti?"

"Nalo naliona."

"Twende mpaka mnara usimame nyuma ya paa, sawasawa, kimoja nyuma ya kingine. Hapo ndipo mkondo una kina kidogo. Ukiuacha mnara ukatoka kushoto au kulia, tunazama. Usitazame maji. Tazama paa."

Tukaenda. Yeye alikuwa anasoma chini kwa nyayo na kunitajia: mchanga, majani, mchanga tena, sasa changarawe, hapa pana shimo pita kulia. Mimi namtajia mnara: bado, bado, unasogea, bado. Maji yalinifika mapajani, kisha kiunoni. Buibui lilikuwa linanivuta nyuma, nikalivua nikaliacha liende. Mfuko wa pweza nao niliuacha, sikumwambia. Alijua, maana mkono wangu ulikuwa mwepesi, na hakuuliza.

Mnara ulipoingia nyuma ya paa nikapiga kelele: "Hapo!" Tukaingia mkondoni. Asubuhi palinifika magotini. Sasa hatua ya tatu tu maji yakanifika kifuani, nayo hayakutulia, yalikuwa yanasukuma kwa ubavu, yananiondoa miguu chini. Nikaanza kutamka shahada kwa sauti kubwa.

"Usiitamke hivyo!" akanikemea. "Itamke moyoni. Unanitisha."

Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo nacheka. Wakati ule sikucheka. Maji yalinifika shingoni, nikanywa funda moja, nikakohoa, nikalipoteza paa. Sikuona kitu ila mwanga na chumvi. Yeye, aliyekuwa mfupi kuliko mimi, alikuwa amekichomeka chuma chake chini na kukiegemea, kidevu juu, na mkono wake wa pili umenibana kifundo cha mkono mpaka mfupa unauma. "Paa liko wapi?" alikuwa anauliza. "Liko wapi, mwanangu? Niambie liko wapi." Sauti yake ilikuwa inapanda. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama mdogo akiogopa. Nikafungua macho kwa nguvu nikalitafuta, nikaliona, nikamwambia ni mbele yako, mbele kabisa. Akang'oa chuma, akapiga hatua, akakichomeka tena. Hatua kumi na mbili. Nilizihesabu, ndiyo kazi yangu. Ya kumi na tatu maji yalirudi kifuani.

Vigingi vya mwani vilikuwa vimeshazama vyote, tulivijua kwa kugongana navyo. Tulipotoka nchi kavu, wanawake walikuwa wamejaa pwani na binti yake ameingia majini na nguo zake mpaka kiunoni, analia na kutugombeza pamoja. "Mama! Ilikuwaje mkachelewa hivi? Wewe wa kupotelewa na maji, wewe?"

Nikafungua mdomo. Vidole vya mama mdogo vikanifinya mkono, pale pale palipokuwa panauma.

"Ni mimi," nikasema. "Nilimpa tarehe ya kwetu."

Mmoja akaangua kicheko, na wote wakafuata. Mwalimu wa hesabu! Mpaka jioni Matemwe nzima ilikuwa na habari kwamba mwalimu wa mjini hajui kuhesabu mpaka mbili. Mama mdogo alicheka kuliko wote. Mimi nilikaa mchangani nimefunikwa kanga ya mtu, natetemeka juani, na nilichowaambia kilikuwa kweli, lakini nusu yake.

Nusu ya pili aliniambia mwenyewe chumbani, mlango umefungwa. Macho yote mawili yameingia ukungu. Watu nyumbani anawatambua kwa sauti, na mwezi hauoni kabisa. Kwa nini asiulize majirani tarehe? Kwa sababu hapo kijijini hakuna anayeuliza. Wote wanatazama juu, na anayeuliza ameshajieleza kwamba haoni. Mimi niko mbali, na kuniuliza mimi hakuna atakayeshangaa.

"Wakijua watanikataza bahari," alisema. "Nikikatazwa nikae nifanye nini? Nisuke ukili mpaka nife?"

"Yanatibika hayo. Wanayasafisha."

"Kwa kisu. Wallahi mie na kisu jichoni hapana. Usimwambie binti yangu. Niahidi."

Nikaahidi. Najilaumu kwa mengi, lakini kwa lile najilaumu zaidi, kwa sababu nilikuwa nimetoka majini saa ile ile na nilijua ninaahidi nini.

Tangu hapo nilianza kuogopa kwa kalenda. Nilitia kwenye simu ile programu inayoonyesha saa za maji, na akinipigia nampa tarehe ya kwao na saa na dakika. Kisha nakwenda kufundisha. Siku za bamvua, saa nne, nimesimama ubaoni naandika hesabu za sehemu, na mbele yangu naona kidevu kilichoinuliwa juu ya maji. Simu nilikuwa naificha chini ya daftari la mahudhurio, kinyume cha sheria niliyoiweka mwenyewe. Akishatoka baharini hupiga, husema neno moja: "Nshatoka." Mara moja alichelewa nusu saa kwa sababu alikuwa anazungumza na jirani, na mimi nilikuwa nimeshawapa wanafunzi zoezi nikaenda kutapika chooni. Nilikuwa nakasirika naye, nakasirika na nafsi yangu, nawakaripia watoto wasio na kosa. Nilikuwa na ufunguo wa jambo lile mkononi, neno moja tu kwa binti yake, na ahadi imenifunga.

Ikaja Jumamosi moja, miezi mitatu baadaye. Jioni ya kabla yake niliuona mwezi dirishani umejaa, hauna pa kuongezwa. Saa mbili asubuhi simu ikalia.

"Tarehe ngapi leo, mwanangu?"

Ilikuwa kumi na tano, bamvua kamili. Nilikuwa nimeshika kikombe. Sikupanga.

"Kumi na moja," nikamwambia. "Maji mafu, mama mdogo. Hakuna kitu leo. Pumzika."

Nilisikia nyuma yake sauti za wanawake wanapita njiani wanacheka, na chuma kinagonga ndoo, na kingine.

"Hao wanaopita mlangoni kwangu," alisema, "wanakwenda wapi?"

Nikakiweka kikombe mezani.

"Siku ile ulikosea. Nilikusamehe palepale majini. Leo hukukosea."

"Naogopa," nikamwambia, na nikalia, mtu mzima na watoto wangu wananitazama. "Kila bamvua nnaogopa. Siwezi tena."

"Na mie naogopa. Unadhani siogopi? Tangu siku ile nikitia mguu majini naogopa mpaka nikautoa." Akavuta pumzi. "Lakini nilikuwa na wewe. Nilikuwa nakuuliza, ukinambia naondoka, sitazami nyuma. Sasa na wewe unanidanganya mwezi. Sina tena wa kumuuliza."

Nilimsikia anakiegemeza chuma ukutani, kikateleza, kikaanguka, hakukiokota. Wale wanawake walikuwa wameshapita, sauti zao zimekuwa ndogo.

"Njoo unichukue," alisema. "Unipeleke kwa hao watu wa kisu. Uje leo hii. Kesho ntakuwa nshakataa."

Nikamwambia nnakuja. Nikamwomba radhi, kisha nikamwambia tarehe ya kweli, kumi na tano, ya kwao. Akanambia anaijua, na niharakishe, na nikifika nimwambie mimi binti yake, kwa sababu yeye hana ujasiri huo.